Sheria ya Maji

Kosa lilianzia kwenye jina. Mtu akiitwa Kipchumba, jina la Wakalenjin, Waafrika Mashariki waliotawanyika huku Maryland na Virginia hawamuulizi kama anakimbia. Wanamuuliza anakimbia kilomita ngapi, na kama anamjua bingwa fulani, na kama ni kweli watoto wa kwao huenda shuleni mbio kila asubuhi. Kipchumba huyu wetu alizaliwa Nakuru mjini, nyuma ya kiwanda cha unga alikofanya kazi baba yake, na shuleni alikuwa akienda taratibu, tena mara nyingi akichelewa. Huku Amerika alikuwa akirekebisha kompyuta za ofisi moja ya kaunti, kazi ya kukaa kutwa. Kitambi alikuwa nacho, ila urefu wake ulikificha vizuri.

Basi akina mama wa kanisa lao dogo la Takoma Park walipoamua kuanzisha kikundi cha kukimbia, maana wengi wao walikuwa wauguzi na walezi wa wazee, na presha na migongo vilikuwa vimeanza kuwasumbua, hawakupiga kura kumtafuta kocha. Waligeuza shingo tu, wote kwa pamoja, wakamtazama yeye.

"Mimi? Mimi sikimbiangi," alisema Kipchumba akicheka.

Wao wakacheka zaidi. "Muone vile anajishusha," alisema Mumbi, mama wa makamo kutoka Nyeri aliyekuwa akimlea bibi mmoja mzee wa Kizungu pale pale Takoma Park. "Mkalenjin wa kweli hajisifu."

Alipaswa kukataa tena. "Hapana" ikisemwa mara moja kanisani, watu huichukua kuwa ni adabu. Lazima isemwe mara ya pili ndipo iwe hapana. Hakuirudia. Wiki iliyofuata walimletea filimbi yenye kamba nyekundu, akaivaa shingoni, na tuseme kweli ya Mungu, ilimkaa vizuri. Kazini hakuna aliyemwita kwa cheo chochote. Hapa aliitwa Kocha, na akina mama waliozidi umri wake waliamka alfajiri kwa sababu yeye amesema waamke. Alilipenda jambo hilo kuliko alivyotaka kukiri.

Sheria ya maji nayo ilizaliwa siku ya kwanza kabisa, mwezi wa Aprili, kwenye maegesho ya bustani ya Riverdale Park, pale njia ya lami inapoanza kufuata kijito. Kipchumba ndiye aliyepewa kazi ya kuleta maji, na maji aliyasahau jikoni. Angesema, "Samahani, nimesahau," yangeisha. Lakini kocha wa siku moja anaanzaje na samahani?

"Leo hakuna maji," alisema. "Kwetu hatunywi maji mpaka tumalize. Mwili ni kama mtoto. Ukiudekeza, utakusumbua."

Maneno hayo yalimtoka kwa utamu hata yeye mwenyewe akashangaa. Akina mama wakaitikia kwa vichwa. Asubuhi ilikuwa ya baridi, mbio zenyewe zilikuwa fupi, hakuna aliyedhurika, na jioni yake mtu aliyaandika maneno yale kwenye kundi la simu na wengine wakayatilia makofi. Honorata, Mhaya wa Bukoba aliyekuwa muuguzi wa miaka mingi, aliinua nyusi moja. Kisha akaishusha. "Jamani," aliwaambia wenzake, "nani abishane na Mkalenjin juu ya mbio?"

Hivyo ndivyo uongo wa dakika moja ulivyogeuka kuwa sheria. Na aliyeitunga ndiye aliyekuwa wa kwanza kushindwa kuifuata. Kila Jumamosi Kipchumba alifika mapema kuliko wote, akaegesha mwisho kabisa wa maegesho, akapandisha vioo, akanywa chupa nzima kubwa ya maji. Kisha alijifuta mdomo kwa kiganja, akashuka, akapuliza filimbi. Mara za mwanzo moyo ulimsuta. Baadaye ukazoea, na hapo ndipo pa kuogopa.

Aprili ikapita, Mei ikapita. Juni joto likaanza kushuka juu ya Maryland kama blanketi lililoloweshwa. Kando ya kijito nyenje walilia tangu jua linachomoza, na tumbusi wawili weusi walihamia juu ya nguzo ya taa ya maegesho, wakawa wanakaa pale kila Jumamosi mabawa yamefunguliwa nusu. Watu waliwatania. "Hao wanangoja nani?" Kipchumba alicheka pamoja nao, lakini aliacha kuegesha chini ya nguzo ile.

Katika kundi zima hakuna aliyemwamini Kocha kama Mumbi. Daktari alikuwa amemwambia presha itamuua, na mwanawe Wainaina alimpigia simu kutoka Nyeri akilia. Tangu siku hiyo aliishika Jumamosi kama anavyoshika Jumapili. Mwezi huo wa Juni alimvuta Kipchumba kando.

"Kocha, kuna hii dawa ya presha nameza. Inanikojoza sana, yaani sana. Siku za mbio niiache?"

Kipchumba hakujua. Alijua kwamba hajui. Jibu la kweli lilikuwa fupi: muulize daktari wako. Lakini Mumbi alikuwa akimtazama kwa macho yale ya kungoja neno.

"Endelea nayo tu, Mama Wainaina," alisema. "Mwili utazoea."

Kwa nini hakuna aliyemzuia mapema? Mkewe, Waringa, angemzuia, lakini Waringa alikuwa akifanya kazi kila Jumamosi katika kliniki ya kusafisha damu za watu walioharibika figo. Kikundi cha mbio alikichukua kama kichekesho cha mumewe, akajua ni watu wanaotembea haraka na kupiga soga. Habari ya maji aliipata Jumapili moja ya Julai, baada ya ibada, alipomkaribisha Mumbi kikombe cha chai na kuona midomo yake imepasuka.

"Ni mazoezi," alisema Mumbi kwa fahari. "Nilikimbia jana yote bila tone. Kocha ametufunza."

Waringa alimjazia kikombe tena. Alingoja mpaka wakafika nyumbani, akafunga mlango wa jikoni.

"Kip, hiyo maneno ya maji ulitoa wapi?"

"Ni kawaida ya wakimbiaji."

"Wakimbiaji gani? Wewe hujawahi kimbia hata ukifukuzwa na mbwa." Hakuwa akitania. "Mimi nashinda na watu figo zimekufa. Mama wa umri ule, na dawa ya kukojoza, na hii joto? Unajua unafanya nini?"

Kipchumba alitazama sakafu. Alitaka kukasirika lakini hasira haikuja, ilikuja aibu. Akamweleza yote, chupa iliyosahaulika, filimbi, na maji anayokunywa garini vioo vimepandishwa. Hilo la mwisho ndilo lililomfanya Waringa akae chini.

"Kwa hivyo wewe unakunywa," alisema polepole.

"Nitawaambia."

"Lini?"

"Jumamosi, kabla hatujaanza."

"Ningewaambia mimi leo hii, lakini nikisema mimi hutaingia hiyo kanisa tena. Wacha itoke kwa mdomo wako. Unapeleka watu mahali wewe mwenyewe hujawahi fika. Anza na wewe kwanza, Kip."

Wiki ile alijizoeza. Akiwa peke yake garini kwenye barabara ya Route 1, taa nyekundu zikimsimamisha, alisema kwa sauti, "Ndugu zangu, mimi si mkimbiaji." Kila akisema ilikuwa nyepesi kidogo. Joto nalo lilipanda siku hadi siku, na simu ikawa inalia maonyo ya serikali, wazee na wagonjwa wakae ndani, watu wanywe maji. Alhamisi alikuwa amekaribia kuamini kwamba ataweza.

Alhamisi hiyo hiyo akapigiwa simu na kijana wa Kitanzania aitwaye Silvanus. Silvanus alikuwa akiandaa semina ya vijana kule Annandale, Virginia, juu ya uongozi unaoanzia ndani ya mtu mwenyewe.

"Shikamoo kaka. Nimesikia habari zako kwa dada Honorata," alisema. "Watu wazima wanakutii mpaka wanajinyima maji! Nidhamu ya nafsi ya namna hiyo ndiyo tunayoitafuta. Naomba uwe mzungumzaji wetu mkuu. Na Jumamosi ningependa nije nikuone ukiwa kazini, kama hutojali."

Kipchumba alisikia furaha ikimpanda kifuani, na nyuma yake hofu ikiifuata unyounyo. "Karibu sana," alijibu.

Jumamosi Waringa alitoka kwenda kazini kabla ya jua. Alikuwa ametia chupa za maji kwenye kisanduku cha barafu na kukiweka yeye mwenyewe kwenye buti ya gari la mumewe. "Mara hii hutasema umesahau," alimwambia.

Mbio zilipangwa saa moja asubuhi, kukwepa jua. Saa moja watu walikuwepo, wachache wachache, wengine wametoka zamu moja kwa moja. Lakini Silvanus alipiga simu kwamba amepotea njia kwenye Beltway, ile barabara kuu ya kuzunguka jiji, na Kipchumba akasema wamngoje mgeni. Heshima ya mgeni hatukuiacha kwenye uwanja wa ndege tulipokuja huku. Walimngoja wakipiga soga huku jua likiingia kazini. Alipofika, katika shati jeupe na viatu vipya, lami ilikuwa imeanza kutoa joto kwa chini, upepo hakuna hata wa kutikisa jani. Tumbusi walikuwa watatu.

Kipchumba alikuwa tayari amekunywa chupa yake garini. Alikuwa amejiambia hii ni ya mwisho.

Aliwakusanya. Filimbi aliivua shingoni, akaishika mkononi.

"Ndugu zangu," alisema, "nina neno. Mimi si mkimbiaji. Sijawahi kukimbia mbio zozote, wala Iten, kule kwa mabingwa, sijawahi kukaa. Ile sheria ya maji niliitunga mwenyewe. Kunyweni maji."

Nyenje walilia. Mumbi alimtazama, kisha akamtazama Honorata, na uso wake ukafunguka taratibu ukawa kicheko.

"Anatupima!" alisema. "Kocha, hutupati! Hiyo trap ni ya wageni."

"Jamani, huyu mtu!" Honorata alipiga makofi. "Eti hajawahi kukimbia. Mkalenjin asiyekimbia nani amewahi kumwona?"

Silvanus alikuwa akitikisa kichwa kwa mshangao, na macho yake yaling'aa. "Mnaona?" aliwaambia. "Kiongozi anayejishusha mbele ya watu wake. Hii ndiyo semina yenyewe, hata Annandale hatuna haja ya kwenda."

Hapa ndipo kosa lenyewe lilipo. Msomaji asije akadanganywa kwamba Kipchumba alisema kweli na watu wakakataa, mikono yake ikawa safi. Buti ilikuwa pale, hatua chache, na maji ndani yake. Angeifungua. Angewakasirikia. Angemshika Mumbi mkono na kumtia chupa mdomoni. Hapana ya pili ilikuwa ikimngoja tena, kama ile ya kanisani, na akina mama wote walikuwa wakimtazama kwa upendo ambao hakuwahi kuupata mahali pengine popote duniani.

Kipchumba alitabasamu.

Tabasamu lenyewe lilikuwa dogo, la mtu aliyekamatwa katika mchezo. Lilitosha. Wakapiga vigelegele, na Mumbi akakaza mkoba wake kiunoni. Kipchumba akairudisha filimbi shingoni, akaipuliza.

Walifuata njia ya kando ya kijito. Maji ya kijito yalikuwa yamepungua hadi yakawa utepe wa kahawia unaonuka. Silvanus alikuwa kijana, alikimbia bega kwa bega na kocha akimuuliza maswali: unajiamshaje siku usiyotaka, unaishindaje nafsi inaposema basi. Kipchumba alijibu. Majibu yalikuja yenyewe, matamu, na mwendo ukawa unaongezeka bila yeye kuamua, kwa sababu hakutaka kijana ampite. Nyuma yake nyayo zilikuwa nyingi. Kisha zikawa chache. Alizisikia zikipungua, tena alizisikia vizuri. Alijiambia ataangalia nyuma kwenye kona inayofuata, na kona ikaja, akawa katikati ya sentensi.

Kwenye daraja la kugeuzia aligeuka. Akina mama walifika mmoja mmoja, nyuso zimeiva, hakuna anayecheka tena. Honorata alifika wa mwisho, ameshika ubavu.

"Mama Wainaina yuko wapi?" Kipchumba aliuliza.

"Alisema tumtangulie." Honorata alikuwa akihema. "Alisema yuko sawa, asitucheleweshe. Nilidhani..." Muuguzi aliyekuwa amelala ndani yake tangu Aprili aliamka ghafla, na sura yake ikabadilika. "Mungu wangu. Hakuwa akitoka jasho. Nilimwona hatoki jasho."

Walirudi kwa ile njia wakiita jina lake. Hakuna aliyeitikia ila nyenje. Walimkuta kwenye benchi chini ya miti, si mbali na maegesho, amekaa wima, mikono juu ya magoti, kama mtu anayengoja kuitwa ndani na daktari. Macho yalikuwa wazi. Alikuwa akiongea Kikikuyu na mtu ambaye hakuwepo, na Kipchumba, aliyejifunza lugha hiyo kwa mkewe, alimwelewa. Alikuwa akimwambia mama yake amfungulie lango.

Honorata alimgusa shingoni akauondoa mkono haraka. "Anawaka! Silvanus, piga 911. Sema mtu amezidiwa na joto. Nyie mlazeni pale kivulini, mvueni viatu. Kocha, maji! Kuna maji popote?"

"Kwenye gari."

"Basi kimbia!"

Na Kipchumba, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alikimbia kweli. Filimbi ilimpiga kifuani, kitambi kikampiga, hewa ikawa moto kooni, na hakufikiri hata kidogo jinsi anavyoonekana. Alifungua buti, akakikumbatia kisanduku chote na barafu yake, akarudi akipepesuka. Tumbusi waliruka kutoka nguzoni alipopita chini yao, wakakaa tena.

Alipiga magoti kandoni mwa Mumbi akafungua chupa, akataka kumtia mdomoni.

"Usimnyweshe, atapaliwa!" Honorata alimpiga mkono. "Mwagia shingoni. Kwapani. Weka barafu hapa."

Alimtii. Walimmwagia chupa baada ya chupa, na maji yalipopita mkononi mwake Kipchumba aliona mkoba wa Mumbi umefunguka kiunoni. Ndani yake mlikuwa na chupa ndogo. Mumbi alikuwa ameibeba tangu mwanzo. Ilikuwa imejaa, na kifuniko chake hakijafunguliwa.

Akakilia kile kifuniko. Hakulia kwa sauti, machozi yalitoka tu, na akaendelea kumwagia.

Ambulensi ilikuja ikipita juu ya majani. Wahudumu wawili walishuka na machela, mmoja akampima Mumbi, akatazama kipimo, akamtazama mwenzake, na wote wawili wakaanza kwenda haraka zaidi. Yule wa pili, mwanamke wa makamo, aliinua kichwa.

"Who's in charge here?"

Hakuna aliyejibu kwa mdomo. Vidole ndivyo vilivyojibu. Cha Honorata kilikuwa cha kwanza, na cha Silvanus kilikuwa cha mwisho, na vyote vilielekea kwenye filimbi yenye kamba nyekundu.

"Is she on any medication? How much water did she have this morning?"

Kipchumba alifungua mdomo. Mumbi alikuwa tayari amefungwa mikanda kwenye machela, na katika msukosuko ule, kwa sababu ya barafu au kwa rehema zake Mola, macho yake yalitulia kidogo yakamwona. Alimtambua. Midomo iliyopasuka ilivutika, akatabasamu kama mtoto aliyeshika namba moja darasani.

"Kocha," alisema, sauti kavu kabisa. "Sikukunywa. Hata tone moja. Waambie."

Kisha macho yakapotea tena.

"What did she say?" aliuliza mhudumu. "Sir? What did she say?"

Wote walikuwa wamemgeukia, wakingoja neno lake kama walivyozoea kungoja. Mdomo wake ulikuwa na mate. Ni yeye peke yake pale aliyekuwa na mate mdomoni. Kipchumba aliivua filimbi, akaiacha ianguke kwenye majani, akatafsiri neno kwa neno, na alipomaliza akaongeza la kwake, na mara hii alilisema mara mbili.

"I told her not to. I told her not to."

Mhudumu aliruka ndani ya ambulensi. Alifunga milango, ambulensi ikaondoka na king'ora chake kuelekea Route 1, na kundi likabaki limesimama juani, hakuna aliyesogea, wala aliyenyoosha mkono kuchukua maji.